Makosa Yaliyobandikwa Ukutani

Inspekta alikalia kiti kile kile wanachokalia watahiniwa wote kupigwa picha. Alipoegemea nyuma, kisogo chake kikagonga chuma.

"Pole, mama," alisema msimamizi wa kituo cha mitihani, kijana wa tai fupi aliyekuwa hajui mikono yake aiweke wapi. "Ni mtungi wa kuzimia moto. Wakaguzi walituandama, tukautundika wiki mbili zilizopita. Kila anayekaa hapo anaugonga."

Inspekta alijisugua kisogo bila kulalamika. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, na waliomfahamu walijua kwamba akianza kuwa mpole zaidi ya kawaida ni bora utafute mlango. Akakunja mguu na kufuta vumbi jeupe kwenye mshono wa kiatu. Lilikuwa vumbi la lipu, alilolipata jana hospitalini ambako mafundi walikuwa wakikarabati ukumbi wa ghorofa ya chini, na lilikuwa limegoma kutoka.

"Nieleze Jumamosi. Polepole."

"Aliingia saa tatu kasorobo asubuhi. Nikakagua kitambulisho. Akageuza mifuko nje, akavua koti, koti la kahawia, akavua saa. Simu akaifungia kwenye kabati namba kumi na moja. Nikampa ubao mdogo wa plastiki na kalamu ya kufutika. Maswali sitini na tano, saa mbili na dakika hamsini. Hakuomba hata choo."

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Hakusema sana. Alikuwa na mafua, amevaa barakoa."

"Na picha ikapigwa."

"Picha ni lazima, mama. Hiyo hapo."

Inspekta aliitazama tena picha aliyochapiwa. Uso mwembamba, masikio makubwa kidogo, macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alikuwa Dakta Waya, hakuna ubishi. Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali kubwa ya mji, na wauguzi walimpachika jina hilo kwa sababu alizitibu mashine zao kwa upole kuliko madaktari walivyowatibu wagonjwa. Alhamisi jioni alimpigia mkewe simu kwamba anatoka kazini. Hakufika nyumbani. Mlinzi wa geti aliapa kwamba hakumwona akitoka, na Koplo, msaidizi wa Inspekta, akamcheka kwa sababu mlinzi huyo husinzia hata akiwa amesimama. Ijumaa asubuhi mke aliripoti polisi. Jumamosi, mtu aliyepotea akafanya mtihani wa kompyuta uitwao usalama wa wingu, akafaulu.

Na leo ilikuwa Jumatatu, saa tatu na nusu, na kilichomkosesha Inspekta usingizi kilikuwa saa sita mchana.

Mkuu wa kitengo cha kompyuta alikuwa amemweleza jana. Mwaka uliopita hospitali ilihamishia majalada yote ya wagonjwa mawinguni, yaani kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali, na chumba cha chini kilichokuwa kimejaa mashine kikafungwa. Kampuni hiyo ilikuwa na sharti moja: funguo kuu za majalada hazikabidhiwi kwa mtu asiye na cheti. Dakta Waya aliteuliwa kusomea. Mara ya kwanza, miezi mitatu iliyopita, alianguka. Sasa amefaulu, na leo saa sita ujumbe ungetumwa kwenye simu yake, aweke kidole kwenye kioo, funguo ziwe zake. Mwenye funguo hizo angeweza kuyafunga majalada yote kwa mpigo mmoja, na daktari angebaki kashika kisu bila kujua mgonjwa aliye mezani ana damu ya kundi gani.

Walipotoka nje, Koplo alitoa andazi mfukoni.

"Mimi naona kesi imekwisha, Inspekta. Hajapotea huyo. Kajificha, kafanya mtihani, anangoja funguo akaziuze. Tuwaambie kampuni wasitume."

"Kama kajificha, tukizuia tutamshtua, na hatutamwona tena."

"Na kama hakujificha?"

Inspekta alifungua mlango wa gari. "Kama ameshikwa mahali, Koplo, basi mwenye kumshika anahitaji kidole chake. Kidole hicho ndicho kinachomfanya apewe maji mpaka sasa. Tukifuta hizo funguo, atakuwa mzigo tu. Kula andazi lako twende."

Koplo alilirudisha andazi mfukoni. Hamu ilikuwa imemtoka.

*

Nyumba ya Dakta Waya ilikuwa ya vyumba vitatu, safi, na sebule yake nusu ilikuwa karakana ya ushonaji. Viatu vilipangwa mlangoni: vya mtoto aliyekuwa shule, vya mama, na jozi moja ya kiume, weusi wake umefifia kwa vumbi jeupe. Mke wa Dakta Waya, fundi cherehani mwenye vidole vilivyojaa alama za sindano, aliwakaribisha kwa sauti iliyokwisha kulia ikachoka.

Hakuwa peke yake. Mwanaume mrefu aliinuka kutoka kwenye kochi, akawapa mikono kwa heshima.

"Huyu ni shemeji yangu," mke alisema. "Rafiki wa mume wangu. Wanamwita Kamusi. Tangu Ijumaa ndiye kanishika mkono. Kabandika matangazo, anapokea simu, hata mtoto anamtengenezea uji. Bila yeye ningeshaanguka."

"Shemeji, usiseme hivyo," Kamusi alisema. "Ni ndugu yangu yule. Tulifanya kazi chumba kimoja miaka kumi na moja mpaka waliponipunguza. Mambo yalipohamia mawinguni, wakasema mmoja anatosha. Sijakanyaga hospitali ile tangu siku hiyo. Ningekuwepo Alhamisi, nisingekubali atoke peke yake."

"Lakini mliendelea kusoma pamoja," alisema Inspekta.

"Kila Jumapili. Na mimi nilitaka cheti, nipate kazi kwingine." Alitazama saa ya ukutani. "Samahani, afande. Saa tano na nusu itabidi nitoke kidogo. Kuna mtu nimeahidi kumwona."

"Hatutakuweka. Mama, naomba nione mahali alipokuwa akisomea."

Alikuwa akisomea chumbani, kwenye meza iliyobanwa kati ya kitanda na ukuta, na ukuta wote juu ya meza ulikuwa wa njano. Vikaratasi vya gundi, zaidi ya mia, vimepangwa safu kwa safu hadi juu ya mto wa kulalia. Kila kimoja kilikuwa na swali kwa mwandiko mdogo uliosimama wima.

"Ni makosa," mke alieleza. "Walichokijua hawakukiandika. Ukikosa swali kwenye mazoezi, unaliandika upande wa mbele, jibu nyuma, linabandikwa."

Inspekta alivuta kiti akasoma. Hakuwa mtu wa kompyuta, lakini alikuwa mtu wa kusoma alichoandika mwenzake akidhani hakuna atakayekisoma. Alipofika karatasi ya arobaini aliona jambo. Makosa karibu yote yalihusu kitu kimoja: kumbukumbu za mfumo, yaani lile daftari ambalo kompyuta hujiandikia yenyewe kwamba nani ameingia, saa ngapi, na kagusa nini. Akatoa kwenye mkoba ripoti ya matokeo ya Jumamosi. Sehemu tano. Nne zilikuwa nzuri sana. Ya tano iliandikwa: kumbukumbu na ufuatiliaji, hajafikia kiwango.

Koplo alichungulia juu ya bega lake, akatoa mluzi mdogo. "Si nilisema?"

Inspekta alikubali moyoni, na kukubali huko kulimhuzunisha. Miaka ishirini na mbili ya kazi ilimfundisha kwamba mtu anaweza kuazima kitambulisho cha mwenzake, koti lake, hata tabasamu lake. Ujinga hauazimwi. Kila mmoja anatembea na wake. Ukuta huu na ripoti hii vilikuwa ujinga wa mtu mmoja, na picha ilikuwa na sura yake. Dakta Waya alifanya mtihani, na alikuwa amemwacha mkewe alie bure siku nne.

"Mama, kaa kidogo," alisema. "Inaelekea ni mumeo mwenyewe aliyefanya mtihani ule."

"Umejuaje?"

"Makosa ya mtihani ndiyo haya ya ukutani."

Mke alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokiuza.

"Haya si makosa yake."

Sebuleni kijiko kiligonga kikombe. Kamusi alikuwa akikoroga chai.

"Punguza sauti, mama. Sema tena."

"Walikuwa na utaratibu wao," mke alinong'ona. "Jumapili wanabadilishana. Wewe unaandika ulivyokosa, unampa mwenzako akabandike kwake, ili akuvizie. Mkiwa mnakula, mkiwa njiani, anakusomea swali ghafla, na wewe lazima ujibu hapo hapo bila kufikiri. Mume wangu husema kosa ukilala nalo mwenyewe unalizoea. Tena huu si mwandiko wake. Yeye akiandika utadhani kuku kafukua. Yake yako kwa shemeji."

"Mumeo alikuwa anakosa nini?"

"Mambo ya usimbaji. Yale ya kuficha maneno yasisomeke. Kumbukumbu ndiyo kazi yake ya kila siku, atazikosaje? Na Jumatano aliniambia hafanyi tena mtihani. Alisema kuna mtu anamtaka afanye kitu kibaya na hizo funguo, na akikataa mtihani, jambo litakufa lenyewe. Nikamwuliza nani. Akasema nisijali, ni mtu atakayemsikiliza."

Inspekta aliona aibu, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Ilikuwa imebaki nusu dakika tu amwambie mwanamke huyu kwamba ameolewa na mwizi. Akaishika ile picha akaitazama upya, safari hii si uso bali ukuta ulio nyuma yake. Ulikuwa mtupu, mweupe, kuanzia bega hadi bega. Hakukuwa na mtungi wa kuzimia moto.

Alipiga simu kwa kituo cha mitihani. Hakupandisha sauti.

"Kijana, picha hii ni ya miezi mitatu iliyopita, alipoanguka mara ya kwanza. Nani kaiweka kwenye faili la Jumamosi?"

"Kamera iliharibika, mama. Foleni ilikuwa ndefu. Bila picha mfumo haufungui mtihani, nikachukua ya zamani. Nilisema ni yule yule tu. Kitambulisho nilitazama jina. Mtu mwenyewe sikumtazama."

Alimgeukia Koplo. "Mlinzi wa geti alisema nini?"

"Kwamba hakumwona akitoka. Nasi tukamcheka."

"Kwa sababu hakutoka. Tazama vumbi la hospitali kwenye viatu vyangu. Sasa nenda mlangoni utazame viatu vya yule anayesema hajakanyaga hospitali mwaka mzima. Kile chumba cha chini cha mashine, ukumbi wa lipu uko mbele ya mlango wake. Chukua askari, chukua na mafundi wa lipu wenye nyundo. Tembea kwa miguu hadi kona ndipo uwashe gari, asisikie una haraka."

Ilikuwa saa nne na dakika hamsini. Inspekta alimpigia mkuu wa kitengo, akamwomba jambo moja: kampuni itume ule ujumbe mapema, saa tano na robo kamili, mtupu, bila funguo ndani yake. Kisha akamshika mke mabega.

"Rudi kwenye cherehani yako. Ushone. Usimtazame."

"Shemeji? Kamlisha mwanangu uji."

"Najua. Shona."

*

Alishona. Inspekta hakuwahi kuona ujasiri mkubwa kuliko mshono ule, ulionyooka kutoka pindo hadi pindo huku machozi yakidondokea kitambaa. Kamusi alikuwa kwenye kochi, simu yake juu ya meza, koti la kahawia limetundikwa kwenye kiti cha pembeni. Saa ya ukutani ilisema tano na dakika kumi na mbili.

"Koplo kaenda wapi?" aliuliza.

"Tumbo limemsumbua. Andazi." Inspekta alikaa mkabala naye, kikaratasi cha njano kiganjani. "Hebu nisaidie, maana mimi mambo haya ni giza tupu. Ukikuta kumbukumbu za mfumo zimezimwa, jambo la kwanza ni lipi?"

"Kuziwasha tena," alisema Kamusi.

Jibu lilimtoka kama mtu anavyoitika jina lake. Miezi mitatu ya kuviziwa ilikuwa imemzoesha kujibu kabla ya kufikiri, na bado alikuwa amekosa. Inspekta aligeuza kikaratasi, akasoma nyuma yake, mwandiko ule ule mdogo uliosimama wima.

"'Kwanza jua nani alizizima.'" Akakiweka mezani. "Mwandiko ni wako. Jibu hili ulilikosa nyumbani, na ripoti inasema uliyakosa mengi ya namna hii Jumamosi."

Kamusi alitazama kikaratasi. Akatazama mlango.

"Afande, kusoma pamoja si kosa."

Ndipo koti la kahawia likaanza kuunguruma. Mngurumo mdogo, wa simu iliyozimwa sauti, ukitikisa mbao za kiti. Simu ya Kamusi ilikuwa mezani mbele ya wote watatu, kimya, kioo chake cheusi. Cherehani ilisimama. Mke aliinuka, akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa simu yenye kifuniko cha kitambaa cha bluu alichokishona yeye mwenyewe.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Kamusi hakumjibu yeye. Alimjibu Inspekta, na sauti yake ya heshima ilikuwa imeondoka.

"Mimi ndiye niliyefaulu. Andika hilo. Jina tu ndilo lake. Kile chumba nilikijenga mimi, waya kwa waya, miaka kumi na moja, wakanipa barua ya mistari minne. Nilimwomba anikabidhi funguo kwa saa moja, saa moja tu, waone hospitali bila mimi inakuwaje. Akaniambia ataniombea kazi."

"Yuko chumba cha chini."

Kamusi alitabasamu kidogo.

"Mlango wa kuzuia moto. Ufunguo wake ninao mimi peke yangu, wao walishasahau kama upo. Mashine za kupoza hewa zilizimwa mwaka jana. Maji niliyomwachia ni ya mpaka leo mchana."

"Na baada ya mchana?"

Inspekta alimfunga Kamusi pingu, akaipekua mifuko yake mpaka akapata ufunguo mrefu wa shaba, na hapo wakabaki wote watatu wakingoja simu. Hakukuwa na kingine cha kufanya. Ufunguo ulikuwa hapa, mlango kule, na kati yao mji mzima wa magari. Mke alisimama katikati ya sebule ameikumbatia ile simu ya bluu. Saa tano na nusu ikapita. Saa tano na dakika arobaini. Kamusi alianza kusema kitu kuhusu hewa, Inspekta akamwambia anyamaze.

Simu iliita saa sita kasoro dakika tisa. Alikuwa Koplo. Nyuma yake zilisikika nyundo, na mtu akikohoa.

"Tumevunja ukuta, Inspekta. Mlango umegoma. Amelala sakafuni. Hatembei. Lakini anapumua, na kashika mkono wangu hataki kuuachia."

Mke alimnyang'anya simu. Alisikiliza akitikisa kichwa kana kwamba aliye upande wa pili anamwona.

"Anauliza nani yuko na mimi na mtoto," alisema hatimaye. "Tangu Alhamisi anaogopa hilo. Kumbe alijua huyu atakuja hapa."

Akamrudishia Inspekta simu, akaenda chumbani. Alianza safu ya juu ya mto, akabandua vikaratasi kimoja kimoja, akivikunja ngumini.

"Miezi mitatu," alisema, bila kugeuka. "Miezi mitatu nimelala chini ya mwandiko wake."

Inspekta alimwacha abandue safu ya kwanza yote. Kisha akamshika mkono taratibu, akamwomba vilivyobaki aviache ukutani, kwa sababu mahakama itavihitaji.